Gari Lililozoea Mteremko

Jumapili, tarehe 11 Agosti 1985. Asubuhi ukungu mzito na manyunyu. Mlima hauonekani. Baridi ya kushika vidole.

Fundi,

Naandika nikiwa kwenye stuli yangu, upande wa dirisha. Kiti chako nimekiacha pale pale na mto wake. Nimefungua ubao mmoja tu wa mlango ili mwanga uingie, watu wa mtaa wetu wa Majengo hapa Nyeri wasije wakadhani tumeanza kufanya kazi Jumapili. Mezani nilikuta kila kitu ulivyokiacha: chupa ya spiriti, mswaki uliokatwa mpini, uzi mweusi kwenye kijiti chake, na lile kopo tupu la mafuta ya kupikia. Vumbi tu ndilo lilikuwa geni.

Daftari hili ndilo lililonipa jina. Siku ya kwanza uliponiona nikiandika tarehe na hali ya hewa kabla sijashika bisibisi, ulicheka ukasema, "Kumbe nimeletewa karani!" Tangu siku hiyo Nyawira nikawa wa nyumbani Gakindu, na hapa dukani nikawa Karani. "Karani, andika hiyo waya nyekundu imetoka wapi." "Karani, tumefunga skrubu ngapi?" Leo Karani anaandika, na hakuna wa kumwambia aandike nini.

Nianze na habari, kilichoharibika kwanza, kama ulivyopenda.

Ubao wa jina uling'olewa na upepo mwezi wa nne, na jirani yako fundi cherehani ameuhifadhi chini ya meza yake. Redio saba bado ziko rafuni, wenyewe hawajazifuata. Nadhani wanaona haya kumdai marehemu. Binti yako Saida amejifungua kule Sagana, mtoto wa kike, na mkeo anasema analia kama stesheni isiyoshika vizuri. Na redio ya baba yangu, ile ile niliyokuletea mara tatu kwa ugonjwa mmoja mpaka ukachoka ukaniambia, "Kaa hapo uone mwenyewe, usinirudishie tena," imekufa tangu mwezi wa tano. Jioni baba anatoka na koti lake, anasimama kwenye ua wa jirani kusikiliza habari. Hajaniuliza hata mara moja. Mimi nina mikono, nina bisibisi uliyonipa, na kwa miezi minne sikuigusa bisibisi hiyo. Nilichuma kahawa. Nilisema duka limefungwa.

Sasa nikuambie kwa nini, ingawa jana nimejua kwamba ulikuwa unajua.

Bwana Gichuki alikuja na lile gari la redio, la kuchezea, linaloendeshwa kwa rimoti, mwezi wa pili, limefungwa kwenye kitambaa kama mtoto. Duka lake la ngozi liko Nanyuki, na gari alikuwa amelinunua kwa mwanajeshi Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Kila Jumamosi yeye na wanajeshi wawili watatu walishindana kwenye uwanja wa tenisi wa hoteli, na yeye alikuwa wa mwisho kila wiki. Magurudumu ya mbele yalitetemeka kama mtu mwenye homa. "Fundi, hawa watu wananicheka," alisema. "Nitengenezee hata nishinde mara moja tu, halafu nife." Ukamwambia afe baadaye, kwanza aache gari.

Hukuwahi kuona kitu kama kile, na hukumficha. Ulivaa miwani, ukafungua kile kisanduku cheusi kinachogeuza usukani, ambacho Gichuki alikiita sevo, ukakiinamia kwa muda mrefu. Kisha ukacheka peke yako. "Karani, njoo uone ujanja. Wamechukua voliumu ya redio wakaificha humu ndani." Ukanionyesha: mota ndogo inazungusha meno, na ile voliumu inaiambia mota imefika wapi. Voliumu ikiwa chafu, sevo haijui iko wapi, ndiyo maana inatetemeka. Redio yenye voliumu chafu inakwaruza, na gari lenye voliumu chafu linatetemeka. Ulipangusa kwa spiriti na mswaki, ukapuliza, na magurudumu yakatulia. Sijawahi kukuona umefurahi vile kwa kazi ya mtu.

Lakini kutulia si kunyooka. Tulipoirudisha, ule mkono wa plastiki juu ya sevo, unaovuta vyuma vya magurudumu, ulikaa upande, umekosea jino moja. Ndipo ukanifundisha, na niliandika. Ukurasa upo. "Washa rimoti kwanza, gari baadaye, lisije likasikia sauti isiyo yako. Kile kitelezi kidogo kando ya usukani wa rimoti kiweke katikati kabisa, usikiguse tena. Weka gari juu ya kopo, magurudumu yaning'inie. Fungua skrubu, utoe mkono. Sevo iache itafute katikati yake yenyewe. Halafu rudisha mkono ukiwa wima. Pima magurudumu kwa uzi, toka la nyuma mpaka la mbele. Likibaki kosa dogo kama unywele, hilo ndilo la kitelezi." Na mwishoni ukaongeza kitu ambacho sikukiandika kwa sababu nilidhani ni maneno tu ya mzee: "Usiulize barabara kama gari limenyooka. Barabara nayo ina maoni yake."

Siku zilipita tukingoja betri kutoka Nairobi. Kifua chako kikakubana. Wiki ile ya mwisho ya mwezi wa tatu ulikuwa unalala chumba cha ndani, mlango wazi, na mimi niko hapa barazani, unasikia kila ninachofanya. Ijumaa alasiri betri zilifika. Bwana Gichuki alikuwa ametuma ujumbe: Jumamosi ana mashindano, gari lifike asubuhi.

Skrubu ya mkono ilikuwa ndogo, na kichwa chake kimeanza kulika. Niliogopa kukimaliza. Na nilikuwa na haraka, Fundi, sikuwa na sababu nyingine kubwa. Nilitaka kumaliza jua likiwepo. Nikaliweka gari hapa barazani, nikaliendesha toka mlango wetu mpaka kwa fundi cherehani. Likavuta kulia. Nikasukuma kitelezi kidogo kushoto. Likavuta tena kulia. Nikasukuma tena, na tena, mpaka likaenda limenyooka kama mtu aendaye kanisani. Fundi cherehani alinipigia makofi. Watoto wa shule walisimama kuangalia. Nilijisikia fundi.

Kutoka ndani ukauliza, "Karani, umetoa mkono?"

Nikasema, "Nimetoa, Fundi."

Ukaomba nigeuze usukani kushoto mpaka mwisho. Nikageuza. Sevo ililia, ile sauti nyembamba kama mbu. Ukasema, "Sasa kulia." Upande wa kulia haikulia. Nikasikia kikohozi, kisha ukasema, "Basi. Kesho peleka wewe. Mimi sitaweza safari." Nilifurahi kutumwa. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Asubuhi nilipita mlangoni kwako saa kumi na mbili na nusu. Ulikuwa umeamka, umeegemea mto. Ulisema, "Nenda salama, urudi mapema." Nikasema saa sita nitakuwa hapa. Nikaondoka na sanduku la gari kifuani. Sikugeuka.

Fundi, mimi ni mtu wa Gakindu. Kwetu hata boga likikuponyoka unalifuata mtoni. Shamba ni mteremko, kanisa liko mteremkoni, uwanja wa mpira una timu ya juu na timu ya chini. Na Nyeri je? Nilikaa kwenye baraza hili mwaka mzima bila kujua kwamba aliyelijenga aliliinamisha kuelekea barabarani ili maji ya mvua yatoke. Mguu wangu uliona ni sawa, kwa sababu mguu wangu haujawahi kujua sawa ni nini. Nilipofika Nanyuki nikakuta nchi imelala kama meza, nikaona ajabu, lakini bado sikufikiri.

Niliweka gari kwenye uwanja wa tenisi. Bwana Gichuki alikuwa amewaita watu. Likaondoka, likapinda kushoto taratibu kama lililokumbuka kitu, likaingia kwenye ua wa miiba. Tukalitoa. Likapinda tena. Kulia lilikata kona kubwa kama lori la mbao. Mwanajeshi mmoja mwenye nywele nyekundu alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Gichuki hakucheka. Alisema kwa sauti, wote wasikie, "Ati hii ndiyo mmetengeneza? Hii gari ya Nyeri imezoea kuteremka! Inatafuta mto!"

Nilitoa betri ya akiba mfukoni, ile ya mviringo, ili tu nifanye kitu kwa mikono yangu. Nikailaza chini kwenye saruji. Haikubingirika. Ikakaa. Kwa baraza letu ingekuwa imeshafika barabarani. Hapo nikaelewa yote kwa mara moja: baraza lilikuwa likilivuta gari kulia, na mimi nililifundisha kushoto ili lipatane na baraza. Maneno yako niliyoyaacha bila kuandika yakanirudia pale, mbele ya watu wanaocheka.

Niliomba kopo jikoni kwa hoteli. Mpishi mmoja mama akanipa, akanipa na uzi wa kushonea. Nikakaa kwenye nyasi nikafanya kazi uliyoniuliza jana yake. Skrubu ilinisumbua, kichwa chake kikaisha kweli nilivyoogopa, ikabidi niichimbie mstari mpya kwa msumeno mwembamba wa kukatia chuma. Nilitoa mkono. Sevo ikatafuta katikati yake. Nikapima kwa uzi, nikarudia, nikapima. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Saa tano na nusu gari lilienda toka wavu hadi mstari wa nyuma bila kuguswa. Bwana Gichuki akanishika mkono, akasema, "Karani, sasa umetengeneza." Lakini magari ya kurudi asubuhi yalikuwa yameondoka, na mchana ule nilingoja sana.

Nilifika hapa saa kumi na moja kasoro. Niliona viatu vingi mlangoni nikajua.

Uliondoka saa tatu asubuhi. Walikuosha, wakakuswalia, wakakubeba saa saba. Dini yenu haimchelewishi mtu, na sisi kwetu maiti hungoja hata wiki, ndugu wa mbali wafike. Saida aliwahi kutoka Sagana. Ningerudi saa sita nilivyokuahidi, ningesimama uani na kina mama jeneza likitoka. Nisingeona uso wako, lakini ningekuwepo ukipita. Nimepiga hesabu hii kila siku. Saa mbili na nusu kwenye nyasi za Nanyuki kwa kazi ya nusu saa niliyosema nimeifanya.

Nililala kwa shangazi yangu hapa mjini, kesho yake nikaenda Gakindu. Mkeo akakaa eda. Alinitumia salamu mara mbili kwa wanawake wa soko, kwamba niende, ana neno langu. Sikwenda. Nilidhani najua ni neno gani. Nilidhani umemwambia kwamba msichana wako ni mwongo.

Jana, Jumamosi, nilikuwa nikianika kahawa nikaona mwanamke wa buibui anashuka njia ya kwetu, ameshika kiatu kimoja mkononi kwa sababu ya tope, anauliza watoto nyumba ya akina Nyawira. Eda yake imeisha juzi juzi tu. Miezi minne na siku kumi hajatoka, na njia ya kwanza aliyoishika ni ya Gakindu, kwenye mteremko ule, na magoti yale.

Mama yangu alichanganyikiwa. Akaanza kutafuta kiti kizuri. Mkeo, Mama Saida, akasema hataki kiti, anataka chai, na si ya kunywa yeye. Alingoja maziwa yachemke. Akanimiminia yeye mwenyewe, akanikabidhi kikombe, akanitazama mpaka nikamaliza. Nilimaliza. Ndipo akaniuliza polepole, kama mtu anayesoma maneno ya mwenzake, "Je, mkono uliutoa?"

Fundi, nililia mbele ya mama yangu, na mama yangu hajui mkono ni mkono gani. Nikasema, "Sikuutoa."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema asubuhi ile ulikunywa uji nusu bakuli, ukamwambia hivi, na akayarudia maneno yako bila kuongeza: "Karani ameondoka na gari hajatoa mkono. Jana niliisikia sevo ikilia. Nimemwacha aende nalo. Nanyuki kuna uwanja, na uwanja utamwambia vizuri kuliko mimi. Akirudi usimkemee. Mpe chai kwanza, halafu muulize." Kisha ukageukia ukutani, akadhani umelala.

Jioni nikarudi naye Nyeri. Usiku wote sikupata usingizi, nimelala hapa kwa Mama Saida nikitazama dari. Mara nashukuru kwamba ulijua na bado ukasema "nenda salama". Mara nakukasirikia. Ndiyo, nakukasirikia, Fundi. Ungeniita ndani ungesema, "Karani, unadanganya," ningetoa ule mkono nikilia, na saa sita ningekuwa hapa. Ulitaka nijifunze, na hukujua somo lenyewe litakula saa ngapi. Mimi sikujua, wewe hukujua. Nimekasirika, halafu nimekumbuka ulivyokuwa ukikohoa ukinisubiri nijibu, halafu sikuweza kukasirika tena.

Kuna habari moja ya mwisho, na hii ni ya vilivyopona. Bwana Gichuki amewashinda mara mbili. Na mwezi uliopita yule mwanajeshi wa nywele nyekundu alimtuma Gichuki na gari lake mwenyewe, eti linavuta upande, eti lipelekwe kwa wale wa Nyeri. Mama Saida alilipokea, akaliweka chini ya meza, akasema fundi yuko safarini. Ndivyo alivyosema. Fundi yuko safarini.

Leo asubuhi nililitoa. Kwanza nililaza betri hapa barazani. Ikabingirika kuelekea barabarani, nikaifuata mpaka kwenye mtaro. Nikarudi ndani. Rimoti kwanza, gari baadaye. Kitelezi katikati. Kopo. Skrubu hii ilikuwa nzima. Nikatoa mkono nikauweka kwenye kifuniko cha chupa usipotee. Mama Saida alisimama mlangoni mwa chumba ulichokuwa ukilala, na kanga yake ya asubuhi. Nilipomaliza nikageuza kushoto mpaka mwisho, nikageuza kulia. Nikaachia.

Haikulia upande wowote.

Tukabaki tunasikiliza, yeye na mimi, na hapakuwa na la kusikia.

Basi, Fundi. Nisamehe kwa kusema nimetoa. Nami nakusamehe kwa kuniacha niende. Kesho ubao wa jina utarudi ukutani, jina ni lako, sitalibadilisha. Jumamosi nitakwenda Gakindu kuichukua redio ya baba, niilete hapa nifungue nyuma mwenyewe. Nakuahidi hili tu, sina ahadi kubwa: mtu akiniuliza kutoka chumba cha ndani, hata pasipo na mtu, nitajibu nilichofanya. Lala salama. Umeniachia mlango wazi, nami sitaufunga.

Mama Saida ameniletea chai na kuniambia nijilaze, macho yangu mekundu. Ukungu umeondoka, mlima umetoka nusu.

Saa saba na dakika kumi mchana. Nalala.

Karani wako,
Nyawira